Nani Analipia Mtandao wa Kisiwani? Pesa za Umma, Mnara na Simu Yako

Ukituma pesa ukiwa Nakuru mjini, ujumbe wa kuthibitisha unaingia kabla hujarudisha simu mfukoni. Ukiwa kisiwani mambo yanaweza kuwa tofauti kabisa. Unatuma, unangoja, unainua simu juu, unatembea hadi pale penye mti ambapo kila mtu anajua netiwaki hushika. Mwenye boti anasema hajaona kitu, na safari ndiyo hiyo inaondoka.

Wengi huona hilo kama bahati mbaya ya kuzaliwa mbali. Kusema ukweli, ni suala la pesa, tena kwa sehemu kubwa ni pesa za umma. Leo tunaeleza kwa nini kampuni hazikimbilii visiwa, ni hazina gani iliwekwa kujaza pengo hilo, na wewe mwenye laini unaingia wapi kwenye hesabu. Tutaanzia kwetu, halafu tuvuke bahari hadi St Helena na Shetland. Wenzetu wa huko wamepitia haya na kuna mambo ya kuiga, na mengine ya kuogopa.

Vitu viwili ambavyo watu huvichanganya

Unapobonyeza nyota, namba na alama ya reli ili kutuma pesa, hutumii intaneti. Hiyo ni USSD. Inapita kwenye njia ndogo ya ishara ambayo mtandao wa simu hutumia kupanga mambo yake, kama vile kujua uko wapi na nani anakupigia. Haihitaji bando, na mnara wa 2G unatosha. Ndiyo maana simu ya mulika mwizi inatuma pesa vizuri tu.

Programu ya simu ni jambo lingine. Kufungua taarifa ya miezi sita, kusimamia akaunti ya duka lenye wahudumu watatu, au kumtumia mteja wa jumla picha ya mzigo, yote hayo yanataka data. Na si data ya kusukumana. Kwa hiyo mtu akikuambia "kisiwani kwetu mtandao upo", muulize ni mtandao upi. Kuna mahali unaweza kutuma pesa lakini fomu ya mtandaoni haifunguki hadi usiku wa manane, watu wote wakiwa wamelala.

Jambo jingine lisilojulikana sana: mnara wenyewe nao unahitaji njia ya kutoka. Ule unaouona kilimani hauna maana kama haujaunganishwa na bara kwa faiba, kwa mawimbi ya redio kutoka mnara mwingine, au kwa setilaiti. Hiyo njia ya kutoka ndiyo shida kubwa ya visiwa. Mawimbi yanayovuka maji hugonga uso wa maji na kurudi juu, yakagombana na yale yaliyonyooka. Maji yakijaa au yakitoa, joto likibadilika, nguvu ya mawimbi nayo inabadilika. Mafundi wana njia za kupunguza hilo, lakini kila njia ina bei yake.

Hesabu ya mnara

Tuchukue mfano wa namba tu, si takwimu za mahali fulani. Mnara wa mtaani mjini una wateja 10,000, kila mmoja anatumia shilingi 300 kwa mwezi. Hapo ni shilingi milioni 3. Sasa weka mnara kama huo kisiwani kwenye wateja 600 wanaotumia shilingi 200. Unapata shilingi 120,000.

Na gharama haipungui kwa sababu watu ni wachache. Chuma kinavukishwa kwa boti. Kama hakuna stima, dizeli nayo inavuka kwa boti, kila mara. Hewa ya chumvi ya baharini inakula nati na nyaya. Kifaa kikiharibika, fundi hafiki kwa pikipiki. Anakodi chombo, anangoja hali ya bahari, analala huko. Siku hizi sola imepunguza sehemu ya mzigo huu, na hilo ni jambo zuri, lakini haijaondoa safari ya fundi.

Kampuni ya biashara ikiangalia hesabu hiyo, inasema "tutarudi". Mwenye hisa hawezi kulaumiwa kwa hilo. Lakini mtu wa kisiwani ni raia sawa na wa mjini: ana mtoto wa kusajiliwa, ana shamba au chombo cha kulipiwa ada, na huduma nyingi za serikali zimehamia mtandaoni. Ukimwambia huduma iko mtandaoni halafu mtandao haufiki kwake, umemwongezea nauli ya boti.

Hazina ya Huduma kwa Wote

Kenya ilijibu swali hili kwa sheria. Mwaka 2009 Sheria ya Habari na Mawasiliano ilifanyiwa marekebisho, ikaunda Hazina ya Huduma kwa Wote, ile utakayoisikia ikiitwa USF. Inasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, CA. Kampuni zenye leseni za mawasiliano huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka, yaani mapato kabla ya kutoa gharama. Katika kila shilingi 1,000 inayoingia, shilingi 5 zinakwenda kwenye hazina.

Hapa wateja huuliza: je, hii ndiyo ile ninayokatwa nikituma pesa? Hapana. Ushuru wa bidhaa unaotozwa kwenye ada ya kutuma pesa ni kodi, unakwenda KRA na kuingia Hazina Kuu ya taifa. USF ni mfuko tofauti, na huwezi kuuona kwenye ujumbe wako wa kuthibitisha kwa sababu unalipwa na kampuni kutoka kwenye mapato yake. Ila mapato hayo yametoka wapi? Kwa kiasi kikubwa ni muda wa maongezi na bando tunazonunua mimi na wewe. Kwa njia hiyo mkazi wa Eastleigh anayenunua bando kila asubuhi anamchangia kidogo mvuvi asiyemjua. Mimi naona hiyo ni haki, ila inatupa pia sababu ya kuuliza pesa zimefanya nini.

Zimefanya nini basi? Mwaka 2016 CA ilitoa utafiti wa pengo la mawasiliano. Ulionyesha kuwa 2G ilikuwa inafikia asilimia 94.4 ya watu, na 3G asilimia 78. Baada ya hapo awamu ya kwanza ya kujenga minara ililenga kata ndogo 78 ambazo hazikuwa na huduma ya kutosha. Mradi mwingine uliunganisha shule za sekondari za umma 896 na intaneti.

Asilimia 94.4 inasikika vizuri sana, sivyo? Lakini hiyo ni asilimia ya watu, si ya ardhi wala ya maji. Asilimia chache zilizobaki ndizo ngumu kuliko zote: watu waliotawanyika kaskazini, mabonde ya ndani, na visiwa. Kila ukisonga mbele, mtu mmoja anagharimu zaidi kumfikia kuliko aliyemtangulia. Tazama pia pengo kati ya 94.4 na 78. Hao wa katikati wangeweza kupiga simu na kutuma pesa kwa USSD, lakini intaneti ya kasi ilikuwa haijawafikia. Kwenye karatasi walishahesabiwa kuwa "wamefikiwa".

Kipimo chenyewe nacho kina mtego. Hesabu ikifanywa kwa kata ndogo, kijiji kikubwa chenye mnara kinaweza kufunika kijiji kidogo kilicho upande wa pili wa kilima. Kisiwa chenye mwinuko katikati, kama Mfangano, ni mfano wa umbo ambalo ishara haizunguki kirahisi. Mnara ukikaa upande mmoja, mlima unakinga upande wa pili. Ndiyo maana ramani ya rangi moja haitoshi. Inatakiwa sauti ya mtu anayeishi pale.

Siku hizi kuna pia mpango wa serikali wa barabara kuu ya kidijitali, wenye lengo la kilomita 100,000 za faiba na vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma. Ni mpango mkubwa. Wasiwasi wangu ni huu: ukipima mafanikio kwa kilomita, utalaza faiba pale inapolazwa kwa urahisi, kando ya barabara. Kilomita chache za chini ya maji kwenda kisiwani zina kazi kuliko kilomita nyingi za kando ya lami, lakini kwenye jedwali zote ni kilomita.

St Helena: kebo ilikuwa inapita

Sasa tuvuke. St Helena ni kisiwa cha Uingereza katikati ya Bahari ya Atlantiki ya Kusini. Kina watu kama 4,400 hivi. Kwa miaka mingi kisiwa kizima kilitegemea setilaiti, na uwezo wote wa intaneti wa kisiwa ulikuwa kama megabiti 50 kwa sekunde. Hicho ni kiasi ambacho leo familia moja ya Nairobi yenye faiba inaweza kuwa nacho nyumbani.

Kampuni gani ingelaza kebo ya kilomita zaidi ya elfu moja kwa ajili ya watu 4,400? Hakuna. Lakini Google ilikuwa inajenga kebo yake ya Equiano kutoka Ureno hadi Afrika Kusini, na njia yake ilikuwa inapita upande ule wa bahari. Kwa hiyo kisiwa hakikuomba kebo kamili, kiliomba tawi tu. Umoja wa Ulaya ulitoa ruzuku ya euro milioni 21.5 kupitia mfuko wake wa maendeleo, na tawi likafika ufukweni Agosti 2021.

Hapa ndipo penye somo. Watu walianza kuitumia rasmi Oktoba 2023. Miaka miwili na zaidi kebo ikiwa imeshafika! Kebo ikitua ufukweni bado unahitaji kituo, leseni, mkataba wa kuendesha, na mtandao wa kugawa hadi nyumbani kwa mtu. Ni kama bomba la maji lililofika sokoni ilhali hakuna mifereji ya kwenda vijijini. Ukisikia kwenye redio kwamba mradi "umefika", uliza umefika wapi.

Kwetu wazo la tawi lina maana. Kebo ya TEAMS, ambayo serikali ya Kenya ilishiriki kuijenga pamoja na kampuni, ilifika Mombasa 2009 kutoka Fujairah. Ramani inaonyesha wazi kwamba kebo inayotoka kaskazini kuja Mombasa inapita baharini mbele ya Lamu kwanza, hata kama ni mbali na pwani. Tawi lazima lipangwe kabla meli haijang'oa nanga, kwa maana kulikata na kuliunga baadaye ni gharama nyingine kabisa. Kebo mpya zikipangwa, wakati wa kuuliza kuhusu Lamu ni ule wa makaratasi.

Shetland: siku kadi zilipokufa

Shetland ni visiwa vya kaskazini ya Uskoti, vyenye watu kama 23,000. Kebo ya SHEFA-2, ya kampuni ya simu ya visiwa vya Faroe, ilipita hapo mwishoni mwa miaka ya 2000, lakini mwanzoni haikuunganishwa na Lerwick, mji wao mkuu. Kebo ipo, mji upo, katikati hakuna kitu. Mwishowe baraza lao, tuseme ndiyo kaunti yao, ndilo lililolaza faiba hadi mjini, 2011. Halikungoja kampuni ijisikie vizuri.

Lakini kisa chenyewe kilikuja Oktoba 2022. Kebo ilikuwa tayari imeharibika upande wa Faroe. Kabla haijatengenezwa, tarehe 20 ikakatika tena, safari hii kati ya Shetland na bara. Simu za mezani, za mkononi na intaneti zikaanguka. Maduka hayakuweza kupokea kadi, aliyekuwa na pesa taslimu ndiye aliyenunua. Polisi walitangaza tukio kubwa na kuongeza doria barabarani, maana watu hawakuweza kupiga namba ya dharura. Ilichukua saa kadhaa huduma kurudi.

Visiwa hivyo si maskini. Vilikuwa na kebo, vilikuwa na kasi. Kilichokosekana ni njia ya pili. Mwaka huohuo serikali ya Uskoti, kupitia mpango wake wa R100, ilikuwa imelaza kebo 16 za chini ya bahari kufikia visiwa 15, lakini kisiwa kimoja kuunganishwa na kingine hakusaidii kama mlango wa kutokea wa wote ni mmoja na umefungwa.

Sisi tuliionja ladha hiyo tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu pamoja. Kenya haikuzimika kabisa kwa sababu zilikuwepo njia nyingine, lakini intaneti ilikwenda kwa mwendo wa kobe. Sasa fikiria kisiwa chenye njia moja tu.

Inabadilisha nini kwenye pesa zako

Tuje kwenye biashara. Chukua mama anayenunua omena ufuoni na kuuza bara. Mtandao ukisuasua, analazimika kubeba taslimu kwenye boti, na kila mtu ufuoni anajua amebeba. Mtandao ukitulia, anamlipa mvuvi palepale ufuoni na mnunuzi wa Kisumu anamlipa yeye kabla gunia halijapakiwa. Pesa haisafiri na maji tena.

Wakala naye ana shida yake, ambayo wateja hawaioni. Asubuhi watu wanatoa, jioni wanaweka, au kinyume chake siku ya mnada. Floti ikiisha, yaani salio lake la simu, hawezi kukuwekea. Taslimu ikiisha, hawezi kukutolea. Data nzuri inamwezesha kuongeza floti akiwa dukani. Taslimu bado inabidi ivuke kwa boti, hilo hakuna faiba itakayolitatua, ila kadiri watu wanavyolipana kwa simu ndivyo taslimu inavyohitajika kidogo.

Na intaneti ya kasi ikiingia, matapeli nao wanaingia. Kisiwa kilichozoea USSD pekee hakijazoea viungo vya uongo vya mikopo, wala vikundi vya "wekeza mia tano upate elfu tano". Wazee ndio hulengwa kwanza. Kama wewe ndiye kijana wa familia unayejua mambo haya, kaa na babu kabla hajapewa simu ya kugusa, na PIN yake asimwachie hata wewe.

Mtandao ukigoma katikati ya kutuma, usitume mara ya pili papo hapo. Angalia salio kwanza. Kama limepungua, pesa imetoka hata kama ujumbe haujaingia. Kama salio nalo halifunguki, subiri. Mwambie unayemlipa asubiri ujumbe wake mwenyewe, asikubali kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mtu mwingine, maana huo hutengenezwa. Ukiwa kisiwa cha karibu na mpaka, tazama pia jina la mtandao juu ya kioo. Simu inaweza kushika mnara wa Uganda bila wewe kujua, na gharama za data zikawa tofauti. Chagua mtandao wako kwa mkono kwenye mipangilio.

Wi-Fi ya bure ya sokoni ni nzuri kwa kusoma habari na kutuma fomu. Kwa pesa, rudi kwenye bando lako au USSD.

Ukitaka kisiwa chenu kihesabiwe

Malalamiko ya "huku hakuna netiwaki" yakibaki kwenye baraza ya kahawa hayafiki popote. Andikeni barua moja yenye mambo yanayopimika: jina la kata ndogo, idadi ya nyumba, shule na zahanati zilizopo, ni wapi hasa ishara inashika na ni 2G au zaidi, na nauli ya boti mtu anayolipa kufuata huduma ambayo ingepatikana kwa simu. Chifu aigonge muhuri. Nakala iende CA, nyingine kwa kaunti, nyingine kwa mbunge. Kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU, ina orodha ya wavuvi na vyombo, kwa hiyo namba zake zina uzito.

Mna haki pia ya kuuliza. Katiba, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Ulizeni kama kata yenu ndogo iko kwenye awamu yoyote ya USF, na kama haipo, ni kwa kipimo gani.

Wakati mnangoja, kuna njia ya katikati. Starlink ilianza kuhudumia Kenya Julai 2023. Kwa mtu mmoja bei yake ni mzigo, lakini zahanati, shule na BMU wakichanga wanaweza kugawana kifaa kimoja. Ila kubalianeni mapema, kwa maandishi, nani analipa kila mwezi, umeme unatoka wapi, na nani anashika nywila. Na mradi wa umma ukija, maswali ni hayohayo, pamoja na mawili zaidi: kasi gani imeandikwa kwenye mkataba, na kifaa kikiharibika wakati bahari imechafuka, fundi ameahidi kufika ndani ya siku ngapi.